Panzi Walionyamaza

Jumatatu, 5 Agosti

Jua kali tangu asubuhi. Chunjua bado ipo. Imekaa kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, mahali pabaya kuliko pote, na Jumamosi kijiji kizima kinakula kamba wa mtoni. Kamba huliwa kwa mikono! Hakuna pa kuificha. Na mwaka huu Majvor atakuwepo.

Majvor Ekelund ni mjane aliyehamia nyumba ya manjano karibu na kanisa. Alikuwa mchora ramani. Huendesha baiskeli amenyooka kama mshumaa. Göte ameshamwona, bila shaka. Göte Sollén ni jirani yangu, daktari wa meno mstaafu, mwenyekiti wa chama cha kijiji, na ndiye anayepanga nani akae na nani mezani. Mikono yake ni laini na myeupe kama yai lililomenywa. Yangu ina chunjua.

Daktari alinipa dawa ya kupaka, akaniambia nivumilie mpaka Krismasi. Krismasi! Marehemu baba hakumhitaji daktari. Alikuwa akimkamata yule panzi mkubwa wa kijani, tunayemwita mng'ata-chunjua, anamwekea kidole, panzi anauma, anatema maji yake ya kahawia, chunjua inakauka yenyewe. Basi nami nitafanya hivyo. Bure, haraka, na Göte hatajua.

Kumpata panzi huyu ni kwa masikio tu. Rangi yake ni ya majani, utamkanyaga kabla hujamwona. Lakini dume huimba. Na masikio ninayo! Maisha yangu yote nilikuwa fundi wa piano. Hakuna kanisa hapa kisiwani Öland ambalo piano yake haikupita mikononi mwangu. Nilikuwa nikipita barabarani tu, najua waya upi umelegea ndani ya nyumba ya watu.

Nilikuwa nimepiga magoti uwandani nyuma ya zizi la kondoo wa Göte, sikio karibu na ardhi, Majvor alipopita. Akashuka kwenye baiskeli. Akauliza kama nimeanguka. Nikamwambia nasikiliza panzi. Akaniangalia kwa heshima kabisa! Akasema mchungaji wa kanisa amemsimulia habari za masikio yangu. Je, ningeweza kuongoza yale matembezi ya kusikiliza wadudu, Jumamosi kabla ya karamu? Siku zote huongoza Göte. Nikasema ngoja nitazame kama nina nafasi. Ninayo! Nafasi ndicho kitu pekee nilichojaliwa!

Panzi sikupata. Hakuna aliyeimba. Ajabu kidogo.

Jumanne, 6 Agosti

Nimerudi uwandani saa sita mchana, jua la kuunguza kichwa. Hiyo ndiyo saa yao. Panzi huyu haimbi kwenye baridi wala kivulini. Anataka jua kama mtalii. Anapanda juu ya jani refu, anasugua bawa kwa bawa, na jike anamsikia kwa masikio yaliyoko miguuni, chini ya magoti ya mbele. Miguuni! Mungu naye ana mambo yake.

Kimya. Nikatembea mpaka kwenye kinu cha upepo. Kimya. Nikakaa juu ya ukuta wa mawe, nikashikilia pumzi. Kimya kama kanisani Jumatatu.

Hapo nikaelewa. Wameuawa.

Na nani mwenye uwanda ule? Göte. Na nani niliyemwona wiki jana akipita kwenye nyasi na kopo la kijani mkononi? Göte! Akimwaga kitu kwenye lango la zizi, anapiga mluzi kama mtu asiye na dhambi.

Nikaenda moja kwa moja kwa Majvor kumpasha habari. Alikuwa anachuma maharage. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba uwanda umekufa, hakuna panzi hata mmoja anayeimba. Akasimama na bakuli lake. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, Majvor, mimi ni fundi wa piano. Akakaa kwenye ngazi. Akasema naye hajasikia panzi tangu ahamie huku, na usiku alikuwa akilala na hofu kwamba tatizo ni lake. Kisha akacheka kidogo, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema ni vibaya kufurahi wakati wadudu wamekufa, lakini afadhali uwanda kuliko yeye.

Mashahidi wawili! Nikaingia ndani nikapiga simu ofisi ya mazingira kule mjini Kalmar. Wanamtuma mtaalamu wao wa wadudu, bibi mmoja anaitwa Ylva. Keshokutwa. Nimesema nadhani ni sumu. Nimesema nadhani namjua mhusika.

Jumatano, 7 Agosti

Nimebandika tangazo dukani: NANI AMEUA NYIMBO ZETU? Herufi kubwa. Jina sikuandika. Nimechora kopo la kijani tu.

Kabla sijamaliza kahawa Göte akawa mlangoni, tangazo mkononi. Hakukasirika, jambo ambalo ndilo dalili ya hatia. Akaniambia, "Torkel, lile ni kopo la mafuta. Bawaba za lango zilikuwa zinalia." Eti na panzi wako tele, wanapiga kelele mpaka anashindwa kulala mchana. Nikacheka. Mtu aliyesimama na mashine ya kutoboa meno sikioni maisha yake yote, anamwambia nini fundi wa piano? Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema haya bwana, akaondoka. Ameacha chupa ya jamu ya stroberi mezani. Rushwa! Nimeionja. Tamu.

Alasiri, bahati! Panzi mmoja alinirukia mwenyewe kwenye suruali, mng'ata-chunjua dume, mkubwa kama kidole gumba. Manusura wa mwisho! Nimemtia ndani ya chupa tupu ya matango, nimetoboa kifuniko. Ni ushahidi. Lakini chunjua nayo ni chunjua, nikasema ang'ate kwanza, ushahidi baadaye. Nikamshika taratibu, nikamsogezea kidole cha shahada. Akakitazama. Akageuka, akaning'ata kidole gumba! Kidole kizima kisicho na kosa! Damu imetoka. Kisha akanitemea maji ya kahawia kwenye shati nililopanga kuvaa Jumamosi.

Sikumkasirikia. Nimemweka dirishani juani, nikampa majani na kipande cha donge la viazi nililobakiza, lile la nyama ndani. Alianza na nyama. Mchana kutwa amekaa akitetemesha mabawa, anatetemesha, anatetemesha, wala sauti haitoki. Maskini! Sumu imemchukua mpaka sauti. Nimekaa naye mpaka jua likahama dirishani. Ni vibaya kumwona mwimbaji anafungua kinywa na hakuna kitu. Najua haimbi kwa kinywa. Lakini ndivyo nilivyoona.

Alhamisi, 8 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Ylva amekuja na basi la asubuhi. Mwanamke mfupi, viatu vikubwa, jua limempiga usoni. Tulikuwa langoni pa zizi: yeye, Majvor, Göte, mchungaji, na mama wa dukani ambaye hakualikwa. Nilikuwa nimevaa tai. Nikatoa chupa kutoka kwenye mfuko, nikaiinua juu juani, nikasema, mabibi na mabwana, huyu ndiye manusura, nanyi mtaona wenyewe kwamba ni bubu.

Ylva akaanza kutabasamu. Akasema, "Bubu? Mzee, mbona anatuzibua masikio?"

Nikadhani ni mzaha. Nikawatazama wengine. Mchungaji alikuwa anatazama viatu. Mama wa dukani amejishika mdomo. Göte aliinamisha kichwa kidogo upande wa chupa, kama mtu anayesikiliza redio, kisha akakiinua haraka, kana kwamba ni yeye aliyekamatwa.

Ylva akaelekeza mkono uwandani. Akasema wako wengi, huyu hapa, yule pale kwenye mbigili, hajaona uwanda mzuri kama huu mwaka huu wote. Kisha akaniangalia tena na akaelewa, na akawa mpole, jambo ambalo ni baya zaidi. Akaeleza kwamba sauti ya panzi hawa iko juu sana, na masikio ya binadamu yakizeeka, noti za juu ndizo zinazotangulia kuondoka. Mtu anabaki anasikia mazungumzo, kengele, gari, kila kitu, na hajui kuna kilichopotea. Hakuna aibu, akasema. Inampata karibu kila mtu.

Majvor alikuwa amesimama kando yangu. Akasema taratibu, "Kumbe ni sisi, Torkel."

Sisi. Alisema sisi. Na mimi nilisema nini? Nilisema, sisi? Mimi nasikia vizuri tu! Nikasema walikuwa kimya wiki nzima na ndio kwanza wameanza dakika hii, tena huyu wa kushoto sauti yake imeshuka kidogo. Nikasema hivyo mbele ya watu wote.

Majvor alichukua baiskeli yake, lakini hakuipanda. Aliisukuma.

Jina langu limesalimika. Ndivyo ninavyojiambia. Tangazo nimelibandua.

Ijumaa, 9 Agosti

Mtu haachi mambo yakamshinda. Matembezi ni kesho na kiongozi bado ni mimi. Nikikataa kuongoza, watasema mimi ni kiziwi. Kwa hiyo nitaongoza, na nitawasikia panzi wote!

Nimefanya utafiti kwa chupa dirishani. Jua likimpiga, mabawa yanatetemeka. Nikiweka gazeti kumkinga, yanasimama. Nikiondoa gazeti, baada ya muda kidogo yanaanza tena. Basi sina haja ya masikio, nina haja ya mawingu! Jua likitoka nainua kidole: yuko pale! Wingu likipita nanyamaza, nakunja uso kama mtu anayekumbuka muziki. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Ninatisha kwa ustadi.

Mama wa dukani ameniambia Göte amemweka Majvor pembeni yake mezani. Bila shaka. Mimi amenipangia kukaa na mchungaji na shemeji wa mchungaji, anayezungumza habari za mifereji.

Nilipita mbele ya nyumba ya manjano. Mapazia yalikuwa yamefungwa, mchana. Sikubisha hodi.

Jumamosi, 10 Agosti

Nilianza vizuri mno! Watu wengi, kofia, vikapu. Jua likatoka, nikasimama, kidole juu (kidole cha kati, kile cha shahada nilikifunga plasta). Nikasema yule pale, dume, na mwenzake anamjibu karibu na jiwe. Watu wakanong'ona, wakatikisa vichwa. Ndiyo, ndiyo! Shemeji wa mchungaji akasema hajapata kuona masikio kama haya. Wingu likapita, nikanyamaza na kukunja uso. Jua, kidole. Wingu, uso. Ningeweza kuendelea hivyo mpaka Stockholm.

Kisha tukafika kwenye majani yaliyoliwa na kondoo yakabaki kama zulia. Jua kali. Nikainua kidole, nikasema hapa wako watatu.

Hakuna aliyetikisa kichwa. Panzi gani atakaa kwenye majani mafupi hivyo? Kila mtu alikuwa anasikiliza, na hakuna aliyesikia kitu, na safari hii walikuwa sahihi.

Göte akasema, "Eh, hata mimi nimemsikia mmoja."

Göte! Alikuwa anatazama upande wa bahari. Masikio yake yamekuwa mekundu. Alikuwa anadanganya kwa ajili yangu, na hajui kudanganya hata kidogo. Nilitafuta mtego uko wapi. Nikautafuta kila mahali. Haukuwepo.

Ndipo nikamwona Majvor. Alikuwa nyuma kabisa ya watu, peke yake, kiganja nyuma ya sikio, macho yamefumbwa kwa nguvu. Alikuwa anajaribu kumsikia panzi wangu ambaye hayupo. Na alipofungua macho niliona anaamini kwamba dunia nzima inasikia isipokuwa yeye.

Nikashusha kidole. Nikasema, jamani, sisikii kitu. Si hapa tu. Kule nyuma pia nilikuwa natazama mawingu. Sijasikia panzi hata mmoja wiki hii, wala mwaka jana, sasa nikifikiri, wala mwaka juzi. Nilidhani nyakati zimebadilika tu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Majvor akaja mbele, watu wakampisha. Nilidhani atanipiga na kikapu. Akaniuliza, "Unakumbuka wanavyolia?"

Nikamwambia nakumbuka. Akasema yeye anaanza kusahau, na hilo ndilo linalomtisha, kwamba siku moja hatajua hata alichopoteza. Basi nikamfanyia. Nilikaa juu ya ukuta wa mawe, ulimi kwenye meno, nikaanza polepole: tk, tk, tk, kama baiskeli inayosukumwa na mtu asiye na haraka. Kisha kasi kidogo. Kisha zaidi, mpaka tk zinashikana na kuwa uzi mmoja mrefu, na uzi unakatika ghafla. Nikarudia. Macho yake yamefumbwa, lakini si kwa nguvu tena. Akasema, "Huyo. Huyo huyo." Kisha akasema nimekosea mwishoni, kwamba huyu wetu hakatiki ghafla, hufifia. Nikamwambia hukatika. Akasema hufifia. Tukamwita Göte aamue. Göte akasikiliza uwandani muda mrefu, akasema inategemea panzi. Daktari wa meno, kila siku katikati!

Chupa nilikuwa nayo mfukoni, nikaifungua pale pale. Panzi alikaa mdomoni mwa chupa, akainua mguu wa mbele wenye sikio, kisha akaruka.

Karamuni Göte alibadilisha vibao vya majina mbele ya macho yangu, akaenda yeye kukaa na shemeji wa mchungaji. Kofia za karatasi, taa za karatasi zenye sura ya mwezi juu ya miti, tukaimba kabla ya kila glasi. Majvor aliona plasta. Akaifungua mwenyewe, bila kuomba ruhusa, akatazama chunjua, akauliza kama ndiyo sababu ya yote haya. Nikakiri. Alicheka mpaka kofia yake ikaanguka kwenye bakuli la kamba. Kisha akashika kile kidole, akaendelea kukishika, na kwa mkono mwingine akawa anafyonza gando la kamba kama hakuna jambo.

Jumatano, 21 Agosti

Kalmar, kliniki ya masikio, na Majvor. Yeye aliingia kwanza, akatoka na vifaa vidogo vya kusikilizia nyuma ya masikio, anatabasamu kwa kila mlango unaofungwa.

Zamu yangu. Wanakufungia chumbani, wanakuvisha vipokea sauti vya masikioni, unabonyeza kitufe ukisikia mlio. Niligundua mapema kwamba yule mwanamke anayepima, upande wa pili wa kioo, husogeza bega kidogo kila anapopiga mlio. Nilibonyeza kwa kufuata bega. Nilikuwa nafanya vizuri sana mpaka akanigeuzia kiti kikatazama ukuta.

Nami nimepewa vifaa viwili.

Tuliteremka kwenye basi kabla ya kituo chetu, Majvor na mimi, tukavuka ukuta, tukaingia uwandani na viatu vya mjini. Mwanzo sikuelewa ni nini. Nilidhani ni mvua. Nikatazama juu, mbingu safi. Ilikuwa imejaa kila mahali, kuanzia miguuni mpaka kwenye kinu, kama chungu kikubwa kinachochemka taratibu. Sauti imeshuka kidogo kuliko ya utotoni, kama piano iliyohamishwa nyumba. Sijali. Majvor alisema kitu na sikumsikia, maana panzi walikuwa wanapiga kelele. Tulisimama pale mpaka jua likaanza kuinama na mmoja baada ya mwingine wakaacha.

Wanafifia. Majvor alikuwa sahihi. Sijamwambia.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimegundua kitu kikubwa!

Asubuhi, kahawa, nimeegemeza shavu kiganjani. Mara mlio! Mwembamba, wa juu, mtamu, unaoendelea bila kupumua. Haufanani na panzi yeyote ninayemjua. Nikaondoa mkono nisikilize vizuri: kimya. Nikarudisha mkono sikioni: akaanza! Mwerevu ajabu. Anaimba nikijiziba, ananyamaza nikijifungua. Nilimtafuta nyuma ya jiko. Nikamtafuta bafuni, na huko alikuwepo. Nikaenda dukani na kofia ya sufu, naye akaja! Amenifuata mpaka kwenye mizani ya viazi. Nikilala ubavu anaimba ndani ya mto. Ni mdudu mpya kabisa, anayependa watu, na amenichagua mimi.

Göte alimsikia pia, pale uani. Akasema, "Torkel, si ile mashine yako ya sikioni inapiga filimbi? Isukume ndani kidogo." Wivu! Nimemsamehe, sayansi haina ugomvi.

Nilimweleza Majvor kwa siri. Akafikiri kidogo, akasema hata yeye hupata mlio huo huo kila anapovaa kofia ya baiskeli. Kwake pia! Basi wako wawili, na kwa kuwa waimbaji ni madume, ina maana wanagombania kijiji. Nimemwambia asiiguse ile kofia mpaka mtaalamu afike. Amekubali, akanibusu kwenye paji la uso, sijui kwa nini wakati huu.

Nimempigia Ylva. Akauliza, kwa sauti ya uchovu kidogo, kama safari hii nina hakika. Nikamwambia bibi, sina haja ya mashahidi. Nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe.